Sahihi Saba za Uyole

"Nakuuliza mara ya pili, na ya tatu sitauliza. Nani alisoma?"

Sauti ya Sekela ilitoka kama kijiko kinachokwangua sufuria iliyoungua. Daktari aliyemtoa tezi alimwamuru akae kimya mpaka koo lipone, hata kunong'ona asithubutu, naye alitii kama mtoto wa shule. Utii huo uliishia leo mchana, aliposhuka kwenye teksi mbele ya Banda la Pengwini na kujisikia mwenyewe akihutubia barabara nzima kutoka kwenye spika za nje.

"Dada, taratibu, mshono utaachia."

"Mshono ni wangu. Jibu swali."

Tumpe, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyebaki akiendesha banda Sekela alipokuwa hospitali. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya studio, mikono ndani ya mifuko ya sweta, akisubiri hasira za dada yake zipite kama watu wanavyosubiri mvua chini ya kibaraza.

"Kivuli ulichokiunda mwenyewe kimesoma," alisema. "Mstari kwa mstari, mwanzo mpaka mwisho. Wewe ungekuwa bado unatafuta miwani."

"Kikatia sahihi yangu."

"Kikatia sahihi yako, maana ndiyo watu waliyokuwa wanaisubiri. Tungefanyaje? Tuwaambie Zumaridi wasubiri koo la Sekela? Na kimesema vile vile ambavyo wewe ungesema. Mpaka matusi yako kimeyaweka. Nenda kasikilize, utacheka."

"Nimejisikia kutoka barabarani. Sikucheka."

"Basi kuna tatizo gani?"

"Tatizo ni kwamba nilikuachia ufunguo ulipe umeme na kufungua mlango wa studio, Tumpe. Sikukuachia jina langu."

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, watu walikuwa wanaingia ukumbini na kugombania viti. Mechi ya gemu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na saa kumi ilikuwa imeshapita.

*

Miaka hiyo karibu kila nyumba nchini ilikuwa na mashine iliyofungwa. Unaikodi, unaitumia, na kampuni inaifungua na kuifunga ikiwa huko huko iliko. Siku ikiichoka, inakufia mezani na huna wa kumuuliza. Uyole na vijiji vya jirani walikataa. Mwanzoni hawakukataa kwa ushujaa. Hawakuwa na hela ya kodi. Waliokota mashine zilizotupwa na watu wa mjini, wakazipangusa, wakaweka Linux, mfumo usio na mwenye nyumba, na sanduku moja likafanya kazi zote: masomo ya watoto, filamu za bibi, baridi ya tangi la maziwa, kufuli la geti. Na gemu. Gemu ndizo zilizowafanya wajiite watu wa pengwini, kwa yule ndege wa nembo ya mfumo wao, maana mfugaji anaweza kuishi bila filamu, lakini mwambie kijana wake hawezi kucheza kile wenzake wanachocheza uone nyumba itakavyolalika.

Walikuwa na utaratibu mmoja waliouheshimu kuliko kanisa. Hakuna programu iliyoingia kwenye mashine za watu mpaka wasomaji saba wausome msimbo wake wote, maandishi yale yanayoiendesha, kila mmoja peke yake, kisha kila mmoja atie sahihi kwa ufunguo wake. Sahihi ya saba ikitua, mashine zote kutoka Tukuyu mpaka Sumbawanga zinaichukua zenyewe. Hakuna anayeulizwa. Ndiyo maana ya kuwa na wasomaji.

Sekela Mwaipopo alikuwa msomaji wa siku nyingi, na kila Alhamisi alikuwa na kipindi, Kona ya Sekela, ambamo alitoa maoni juu ya habari za gemu bila kumpaka mtu mafuta. Gemu inayouza viatu vya mhusika kwa bei ya viatu vya kweli ni duka, alisema, tusidanganyane. Juu ya akili mnemba alikuwa na msimamo uliojulikana: nitaituma initafutie makosa yangu, sitaituma initafutie maoni. Lakini maswali ya wasikilizaji yalikuwa yanamlemea, kadi gani ya picha inafaa, gemu gani inakubali kwenye mashine kuukuu, hivyo kabla ya kwenda hospitali alikiunda Kivuli kwa mikono yake, akakilisha vipindi vyake vyote, ili kijibu hayo madogo madogo kwa sauti yake.

Kisha, yeye akiwa kitandani hana sauti, habari kubwa kuliko zote ikatoka. Zumaridi, kampuni kubwa ya gemu, ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza inawafungulia watu wa Linux mchezo wa Bonde la Moto. Miaka yote walikuwa wanauchungulia kwa wenzao kama harusi ya jirani. Sharti lilikuwa moja: kila mashine, ya mchezaji na ya mtazamaji, iweke Askari, programu inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, kuhakikisha kwamba anayecheza ni mtu na siyo roboti.

Sahihi saba zilipatikana kwa siku moja. Haijawahi kutokea.

*

Sekela alivuta kiti, akawasha skrini.

"Kivuli. Askari ulimsoma?"

"Nilimsoma wote," ilijibu sauti yake mwenyewe, ile ya zamani, nene, yenye kicheko mlangoni. "Haibi. Hadanganyi. Hapeleki siri ya mtu nje. Kazi yake anaifanya na kukaa kimya, wangekuwa wanaume wote hivyo tungeshukuru."

Tumpe alicheka. Sekela akamtazama, akaacha.

"Na kwa nini ulitia sahihi haraka hivyo?"

"Kwa sababu wewe ungetia haraka. Ulisema kipindini, siku Zumaridi wakitufungulia nitatia sahihi kabla chai haijapoa."

"Ulikuwa utani huo!"

"Watu waliupenda. Uliurudia mara nyingi."

Sekela alikuwa ameurudia kweli. Kila aliporudia, watu walipiga simu wakishangilia, na yeye akashangilia pamoja nao.

"Swali la mwisho. Askari akikuta kwenye mashine programu asiyoijua, anafanyaje?"

"Anaisimamisha mpaka mechi iishe. Ndivyo anavyozuia roboti. Kwa mashine ya gemu ni salama."

"Na kwa mashine yenye mambo mengine?"

"Nilipewa swali la gemu," ilisema sauti. "Nikajibu la gemu."

Sekela hakusubiri zaidi. Alinyanyuka, akapita mlango wa nyuma mpaka stoo, ambako Tumpe alitotolesha mayai kwenye kitotoleshi kilichounganishwa na sanduku kuukuu la Linux. Programu ya kitotoleshi aliiandika fundi wa Igurusi; Zumaridi hawajawahi kuisikia na hawana haja. Askari alikuwa ameshaingia kwenye sanduku lile, kama kwenye mengine yote, amelala akisubiri mechi. Sekela akamwamsha kwa amri ya majaribio.

Taa ya kitotoleshi ilizimika. Haikupiga kengele, haikuandika kosa popote. Feni ikazunguka mizunguko michache ya uvivu, ikasimama, na kwenye skrini ndogo kukatokea neno moja la kijani: Tayari.

"Mungu wangu," alisema Tumpe nyuma yake. "Dada. Mayai yangu."

"Mayai utanunua mengine." Sekela alimzima Askari, taa ikarudi. "Niitie Mzee Angetile. Yuko ukumbini, nimeiona kofia yake. Usikimbie, watu watashtuka. Tembea."

*

Mzee Angetile alikuwa fundi mitambo mstaafu na mmoja wa wale saba waliomtia sahihi Askari. Aliingia studio akiwa na skafu yenye rangi za timu ya Uyole, na uso wa mtu aliyekatishwa sherehe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama Lugano! Pole na hospitali. Mbona sauti imekuwa ya jogoo mgonjwa?" Akacheka mwenyewe. "Lakini kipindini unasikika vizuri tu."

"Mzee, Askari ulimsoma?"

Kicheko kilikatika. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Nilianza kumsoma."

"Ukafika wapi?"

"Unajua macho yangu, mwanangu. Nikakuta sahihi yako imeshakaa. Nikasema, mama Lugano akishasoma, mimi natafuta nini humo? Nikatia."

Sekela alifungua ukurasa wa sahihi na kumgeuzia skrini. Yake ilikuwa ya kwanza. Nyingine sita zilifuatana nyuma yake upesi upesi kama kondoo wanaovuka barabara, na hakuna hata moja iliyopewa muda wa kusoma hata robo ya msimbo ule. Kila mmoja alikuwa amemsomea mwenzake kwa imani. Huo ndio ugonjwa wa watu wa pengwini, na Sekela aliujua kabla ya leo: kwa kuwa mlango uko wazi na yeyote anaweza kuchungulia, kila mtu anaamini mwenzake ameshachungulia.

"Basi hakuna aliyesoma," alisema. "Hata mmoja. Ya kwangu ilitiwa na Kivuli."

Alimweleza kuhusu kitotoleshi, kwa maneno machache, maana koo lilikuwa linawaka. Alipofika kwenye taa kuzimika, Mzee Angetile alikuwa ameshasimama.

"Mke wangu," alisema.

Sekela alijua. Mkewe, mama Ipyana, alikuwa anapumua kwa msaada wa mashine tangu mwaka juzi, mashine iliyookolewa kutoka kwenye taka za hospitali moja na kufufuliwa na programu ya vijana wa Tukuyu. Iliongozwa na sanduku lile lile la nyumbani.

"Nimemwachia sanduku liko wazi kwenye mechi," alisema Mzee Angetile. "Alisema naye anataka kumwona Lugano wako akicheza. Nimemwekea mto vizuri kabisa, aone."

"Nenda. Mfungie mechi, usimfungie mashine. Kaa naye."

Mzee alifika mlangoni, akageuka.

"Na wengine? Kuna mama wa Chunya, kuna yule mtoto wa Ilomba. Na wale tusiowajua?"

Tusiowajua walikuwa wengi kuliko wanaojulikana. Watu wa pengwini hawakuweka orodha ya wanachama; walijivunia hilo. Hakuna anayejua nani ana nini nyumbani kwake, walisema, na hiyo ndiyo hadhi ya mtu.

"Nifute mimi," alisema Mzee Angetile. "Fungua ufute ufunguo wangu. Sahihi zikibaki sita, Askari anatoka."

Sekela alikwisha kulifikiria. Kuondoa sahihi moja kulihitaji kikao cha wasomaji, na kikao kilihitaji siku nzima. Kulikuwa na njia moja tu ya papo hapo, iliyowekwa kwa ajili ya wezi: kubatilisha ufunguo wote. Hapo kila kitu ambacho ufunguo huo uliwahi kutia sahihi kinapoteza sahihi yake kwa wakati mmoja, popote kilipo.

"Programu ya pumzi wewe ndiye uliyeisoma wa saba," alisema. "Ukijifuta wewe, mashine ya mama Ipyana inazimika kabla Askari hajaifikia. Mimi ile sikuisoma, mwaka ule nilikuwa namuuguza mama. Nenda, Mzee. Hili halikuhusu tena."

Alikwenda. Walimsikia akibishana na mwendesha bodaboda nje, kisha hawakumsikia tena.

*

"Tangaza kwanza," alisema Tumpe. Alikuwa analia na kufanya kazi kwa pamoja, akiunganisha nyaya za kipaza sauti huku akifuta pua kwa mkono wa sweta. "Tuwaambie wazime. Ingia hewani."

Sekela alivaa vipokea sauti, akavuta pumzi, taa nyekundu ikawaka.

"Watu wa pengwini, huyu ni Sekela. Zimeni..."

Taa ilizimika. Kwenye skrini ukatokea mstari wa kawaida, ambao hajawahi kuandikiwa yeye: Sauti hii hailingani na mwenye kituo. Imezuiwa.

Sheria ilitaka kila kituo kiwe na chujio la kukata sauti za kuigiza, baada ya ule uchaguzi ambao kila mgombea alisikika akikiri wizi ambao hakuufanya. Chujio la Kona ya Sekela liliijua sauti moja tu ya Sekela, ile ya zamani, na hiyo sasa alikuwa nayo Kivuli peke yake. Alijaribu tena, akijikaza mpaka machozi yakamtoka. Imezuiwa. Tumpe akajaribu kwa maandishi. Maandishi yakaenda, na majibu ya kwanza yakarudi papo hapo. Mmoja aliuliza washindani wa Zumaridi wanawalipa shilingi ngapi kueneza uongo. Mwingine alituma picha ya punda. Maandishi hayakuaminiwa na mtu siku hizo, hata na aliyeyaandika.

"Basi acha Kivuli kiseme."

Aliyesema hivyo alikuwa mlangoni. Lugano, binti wa Sekela, nahodha wa timu ya Uyole, alikuwa amevaa jezi ya mechi na ameshikilia vipokea sauti vyake shingoni. Alikuja kumwita mama yake akae mbele. Ilionekana amesimama pale kwa muda.

"Umesikia kiasi gani?" aliuliza Sekela.

"Cha kutosha. Mama, chujio linakikubali Kivuli. Kiambie kitangaze: mwenye mashine ya mgonjwa asifungue mechi. Kiseme mara kumi. Sisi tunacheza, watu wako salama, basi. Kwa nini unaniangalia hivyo?"

Hapo ndipo Sekela alipokuwa hataki kufika. Kwa sababu lilikuwa wazo zuri. Alilipindua huku na huku kama nguo ya mtumba, akitafuta tundu, na muda wote alitamani asilione. Timu ilikuwa ya wasichana watano waliojifunza kwenye mashine ambazo wengine wangezifanya vigoda. Nahodha wa timu itakayoshinda leo angepelekwa kusoma utengenezaji wa gemu, miaka miwili, kwa gharama za Zumaridi. Timu isiyotokea uwanjani inafutwa msimu mzima. Sekela alikuwa amekaa na mtoto huyu usiku na mchana, akimkosoa, akimfokea, akimpikia uji. Hakuna alichokitaka duniani kuliko jioni hii.

"Atakayesikia atazima," alisema. "Na asiyesikia?"

"Kila mtu anasikiliza Kona!"

"Mama Ipyana amewekewa mto aangalie mechi. Hasikilizi Kona, anakusubiri wewe. Mwingine amelala. Mwingine mjukuu wake amefungua mechi akaenda kucheza nje. Tangazo linataka mtu alisikie, Lugano. Ufunguo nikiubatilisha hautaki mtu."

"Na kama hakuna mwingine? Kama ni mama Ipyana peke yake, na Mzee ameshaenda? Hujui, Mama. Unakisia."

"Ndiyo. Nakisia."

"Unanifutia maisha yangu kwa kukisia!"

"Dada," aliingilia Tumpe, "mtoto ana hoja. Kivuli kiseme kwanza, tuone watu wanaitikiaje, halafu..."

"Halafu tutahesabu nini? Waliokufa?" Sekela alikohoa, akashika shingo, akaendelea kwa sauti ambayo sasa ilikuwa pumzi tupu, ikabidi wote wawili wasogee karibu. "Na hilo nalo nisikilizeni. Leo Kivuli kimesema wekeni, watu wakaweka. Jioni kiseme toeni, watoe. Mdomo huo kesho atakuwa nao nani? Siwezi kuwaokoa watu kwa kitu kile kile kilichowatia shimoni kisha niwaambie wasikiamini."

"Basi wewe unajali jina lako tu," alisema Lugano.

Lilimpata barabara. Lakini halikuwa kweli, na alimjibu kama anavyojibu kila kitu.

"Jina langu nalifuta sasa hivi, mwanangu. Ufunguo ukibatilishwa, mwenyewe hawi msomaji tena mpaka anaingia kaburini. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, na nilipiga meza siku hiyo, muulize mama yako mdogo. Sikuja kukuomba ruhusa. Nataka tu usikie kutoka kwangu na siyo kwenye skrini."

Lugano alimtazama mama yake, kisha mama yake mdogo, kisha nyaya na taa zote zile mezani, kisha akakaa kwenye mashine ya pembeni, mashine yake ya mazoezi, ambayo ilikuwa imeshaingia kwenye chumba cha kusubiria cha Bonde la Moto. Majina matano yalikuwa yanawaka upande wa kushoto. Upande wa kulia wapinzani nao walikuwa wamekamilika.

"Waambie wenzangu mwenyewe," alisema bila kugeuka. "Mimi siwezi."

"Nitawaambia."

Sekela alichomeka ufunguo, kile kijiti cha chuma ambacho Tumpe alimrudishia bila kuombwa. Mfumo ulimuuliza kama ana uhakika. Alikubali. Ukamuuliza sababu, na ukampa mbili za kuchagua, au aandike yake mwenyewe. Umeibiwa. Umepotea.

Tumpe aliona neno la kwanza, akarudi nyuma hatua moja. Kutumia sahihi ya mtu bila ridhaa yake kulikuwa na kifungo. Na anayeibiwa ufunguo, baada ya uchunguzi, huweza kupewa mwingine. Huyo peke yake ndiye anayesamehewa.

"Dada," alisema polepole. "Ukibonyeza hilo sitakulaumu."

"Nyamaza, nafikiri."

Hakufikiri sana. Alijua alimpa Tumpe ufunguo kwa mkono wake. Alijua nani alikifundisha Kivuli utani ule, na nani alicheka nao kila Alhamisi. Akaandika: Sahihi ni yangu, msimbo sikuusoma. Kama mko saba, someni.

Ukumbini watu walianza kuhesabu kwa sauti, wakienda pamoja na saa ya skrini kubwa, wakipiga miguu sakafuni. Lugano alikuwa ameweka vidole kwenye vitufe kama mtu atakayecheza.

"Toa mkono hapo, mama," alisema Sekela, kwa upole aliokuwa nao wa mwisho. "Usiione."

"Nataka kuiona."

Sekela akabonyeza.

Kwa muda hakuna kilichotokea, na akapata nafasi ya kutumaini kwamba amekosea amri. Kisha kwenye chumba cha kusubiria jina la kwanza la kushoto likafifia, likatoka. La pili. La tatu na la nne yalitoka pamoja. La Lugano lilibaki peke yake dhidi ya watano, likiwaka, wakati ule mrefu ambao mashine ilikuwa inamtoa Askari kwenye kiini chake, na ukumbini kelele za kuhesabu zikaanza kukatika katikati, kiti kwa kiti.

Kisha nalo likazimika.